Kazi Tuliyoiota na Kazi Tuliyoipata

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme machache kabla ya mkutano kulijadili pendekezo la tatu, lihusulo Hazina ya Masomo. Twajua ya kuwa jambo hili limezungumzwa sana mwaka huu, na pengine kwa hasira. Wako wasemao kwamba hazina ile iliwekwa ili watoto wetu wasome wakae maofisini, na kuitumia sasa kununua misumeno na vyerehani ni kuwarudisha nyuma. Wako wengine wasemao kwamba tumekwisha kuwalipia karo vijana wa kutosha ambao leo wana vyeti ukutani na hawana kazi mkononi. Pande zote mbili zina watu wa busara. Sisi hatukuja kuwapatanisha kwa maneno matamu. Tumekuja kuuliza neno moja ambalo twaona lapasa kuulizwa kwanza: hiyo kazi ambayo kila mtu huiota, ni kazi gani hasa, nayo yatofautianaje na ile aipatayo?

Swali hili hutujia katika karatasi ya maombi. Kila kijana ajaye kuomba msaada wa Chama huijaza karatasi hiyo, na ndani yake mna mistari miwili. Wa kwanza huuliza, "Kazi gani waitaka?" Wa pili huuliza, "Kazi gani waiweza?" Mara nyingi majibu mawili hayo hayajuani hata kwa salamu. Kijana ataka kuwa rubani. Aweza kutengeneza redio. Msichana ataka kuwa wakili. Aweza kushona, tena ashona vizuri hata majirani humletea nguo za arusi. Hatujapata kumwona hata mmoja aliyeandika kwamba ataka kuwa mhasibu msaidizi, ijapokuwa wahasibu wasaidizi wamejaa ukumbi huu, nao ndio watunzao vitabu vyetu.

Hatuwacheki vijana, maana ndoto zao hawakuzitunga wenyewe. Walizirithi kwetu, nasi tulizirithi kwa wazee wetu, na yafaa tukumbuke wazee wetu walizipata wapi.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, kazi ya mshahara ilikuwa jambo geni kwa watu wengi wa bara. Ilipozidi kuenea, watu waligawanyika mafungu mawili mbele yake. Fungu kubwa lilishika sururu, jembe na mzigo. Fungu dogo, lile lililopita katika shule za misheni, lilishika kalamu. Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tangu mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kukichukua aendapo kazini. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole vyake, na ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kutoka. Wengi walikitia katika kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Mtu ambaye mwajiri wake hakumtilia sahihi ya kutoka hakuweza kuajiriwa kwingine kwa haki, na akionekana njiani aliweza kukamatwa kama mtoro. Hali hiyo ilidumu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940.

Karani naye alichukua kipande kama wengine, lakini aliweza kukisoma kilichoandikwa juu yake. Hapo pana tofauti kubwa kuliko ile ya kivuli na jua. Mzazi aliyemwambia mwanawe, "Soma sana, usije ukashika jembe la mtu," hakuwa mvivu, wala hakuudharau ukulima. Nyumbani kwake alilima tangu alfajiri, naye alijisifu kwa mahindi yake mbele ya jirani. Alichokichukia ni kulima huku nyapara amesimama nyuma yake, na kuitwa "boi" hali ana wajukuu. Kwa hiyo sisi twaamini kwamba ile ndoto ya meza na shati jeupe haikuzaliwa kwa mapenzi ya meza. Ilizaliwa kwa kuchukia kudharauliwa. Tukilijua hilo, yatakuwa wazi kwetu kwa nini watu wengi waliipata meza na ndoto yenyewe wasiipate.

Tumtazame mtu mmoja ajulikanaye na wote. Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930, alisoma katika shule ya Mang'u mpaka fedha ya karo ilipokwisha. Hakuacha shule kwa kushindwa na masomo. Aliacha kwa kushindwa na karo, kama wengi tuwajuao. Akaingia katika mafunzo ya bwana afya tangu mwaka 1948, akayamaliza, kisha akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Machoni pa watu wa siku zile hiyo ilikuwa kazi ya kutamaniwa: ofisi, cheti, suruali ndefu, na mamlaka ya kukagua maduka na maziwa. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 alisimulia habari ya mama mmoja wa Kizungu aliyeingia ofisini siku moja alipokuwa peke yake. Mama yule alitazama huku na huku, kisha akauliza kama hamna mtu humo. Mboya ndiye aliyekuwa bwana afya, naye alikuwa amekaa mezani pake.

Kwa upande wa mshahara, katika utumishi wa serikali siku zile Mwafrika aliyeshika cheo kile kile cha Mzungu, hata kama cheti chake kilikuwa sawa, alilipwa sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu yule. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliiacha desturi hiyo iendelee. Ni Tume ya Lidbury, mwaka 1954, iliyoshauri iondolewe. Basi meza ilikuwapo, na shati jeupe lilikuwapo, lakini lile ambalo meza ilitafutiwa halikuwapo.

Mboya hakurudi nyumbani kununa. Aliwakusanya wafanya kazi wenzake, wakubwa kwa wadogo, na kati ya mwaka 1952 na 1953 wakaanzisha chama cha wafanya kazi wa mabaraza ya miji. Mwaka 1953, akiwa na miaka kama 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi la nchi nzima, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi. Hatusemi kwamba kila bwana afya atakuwa waziri. Twataka kuonyesha kwamba kazi iliyomjaa moyoni aliikuta ndani ya kazi nyingine, aliyoingia kwa kukosa karo. Kama angaliulizwa akiwa shuleni aandike katika karatasi yetu, "Kazi gani waitaka?" hatudhani kwamba angaliandika kuwapangia wafagiaji na madereva mkutano wa jioni.

Kuna njia ya pili, na wengi humu ndio waifuatao, ijapokuwa mara chache husifiwa. Shaaban Robert wa Tanga, ambaye vitabu vyake vimesomwa katika shule za Kenya kizazi baada ya kizazi, alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akakaa humo hata mwaka 1944, akihamishwa kituo hata kituo. Kisha alikwenda idara ya wanyama, kisha ofisi ya wilaya huko Tanga, kisha ofisi ya upimaji wa ardhi, mpaka mwaka 1960. Alifariki mwaka 1962. Hesabuni wenyewe: miaka zaidi ya thelathini ya kuhesabu bidhaa na kunakili barua za watu wengine. Na katika miaka hiyo hiyo aliandika mashairi, insha, hadithi na habari za maisha yake, vitabu zaidi ya ishirini. Kazi ya mchana ililipa mafuta ya taa ya usiku. Hakuigeuza forodha kuwa ushairi. Aliipa forodha saa zake kwa uaminifu, na yaliyobaki akayaweka mahali pengine.

Miongoni mwa wanachama wetu wamo makarani wa bohari ambao furaha yao ni kwaya ya Jumamosi, na madereva ambao furaha yao ni migomba. Hao wasiambiwe kwamba hawaipendi kazi. Mtu aweza kuifanya kazi yake kwa haki bila kuipa moyo wake wote, wala mwajiri hana dai juu ya moyo. Anayo dai juu ya saa alizozilipia.

Lakini njia hiyo ya pili ina sharti lake, nayo ndiyo tuyaonayo mashaka makubwa siku hizi. Yataka saa za kubaki. Bawabu alindaye lango tangu saa kumi na mbili jioni hata saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa juma, hufanya kazi saa 72, na juu yake aongeze njia ya kwenda na kurudi. Kanuni za jumla za mishahara katika Kenya zataja saa 52 kwa juma, na saa 60 kwa kazi ya usiku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa kila mfanya kazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Sisi tumewauliza mabawabu kadha wa kadha walio wanachama, na wengi hawakujua kwamba zimeandikwa. Mtu wa namna hiyo hana mafuta wala hana usiku wa kuwashia taa. Kumwambia atafute furaha yake nje ya kazi ni kumdhihaki.

Waswahili husema, "Kazi mbi si mchezo mwema," maana yake kazi hata ikiwa mbaya ni afadhali kuliko mchezo hata ukiwa mzuri. Methali hii hupenda kutajwa na watu wa umri wetu mbele ya vijana. Ni kweli kwa mwenye njaa. Ila tumeisikia pia katika vinywa vya waajiri, nao huitumia kana kwamba imetungwa ili kazi mbaya ibaki mbaya. Mwaka 1947, katika mwezi wa Januari, wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000 waliacha kazi, bandarini, relini, mahotelini na majumbani. Watu hao hawakuwa wapenda mchezo. Kamati ya Mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Kamishna wa Kazi, F. W. Carpenter, ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 1954 kwamba mishahara ya mjini ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha mwanamume asiye na mke wala mtoto, na wengi hawakupata hata hicho. Ikashauri mshahara upandishwe hatua kwa hatua ufikie kipimo cha mtu na jamaa yake. Hapo yaonekana kwamba hata serikali ya kikoloni ilipokaa chini kuhesabu, ilikuta unga haukutosha.

Twataja hayo kwa sababu siku hizi kumezuka masomo mengi juu ya kuridhika kazini, na baadhi ya waajiri huyapenda kwa kuwa waona ni rahisi kuliko kuongeza mshahara. Mwalimu wa masomo hayo ajulikanaye sana ni Frederick Herzberg wa Marekani. Mwaka 1959 yeye na wenzake walitoa kitabu juu ya mainjinia na wahasibu kama 200 wa mji wa Pittsburgh. Waliwauliza watu hao wakumbuke wakati walipoifurahia kazi yao kupita kiasi, na wakati walipoichukia kupita kiasi, na yaliyotokea wakati ule. Majibu yakawashangaza. Mambo yaliyowaudhi watu hayakuwa kinyume cha mambo yaliyowafurahisha. Yalikuwa mambo mengine kabisa. Walioudhika walitaja msimamizi mkali, taratibu za ovyo, mshahara, na hali ya mahali pa kazi. Waliofurahi walitaja kazi iliyokamilika mikononi mwao, kusifiwa kwa haki, kuaminiwa na jambo kubwa, na utamu wa kazi yenyewe. Kwa hiyo Herzberg alifundisha kwamba ukimwondolea mtu maudhi, ataacha kunung'unika, lakini hujampa furaha bado.

Sisi twakubali kwamba mna hekima katika maneno hayo, kwa onyo moja. Mainjinia na wahasibu wale walikuwa watu walioshiba. Kwa mtu asiyejua atalipaje kodi ya nyumba mwisho wa mwezi, mshahara si maudhi tu ya kuondolewa. Ni swali la kulala ndani au nje. Ajaye na masomo ya kuridhika na aanze kwanza na bahasha ya mshahara, ndipo tutamsikiliza hayo mengine.

Na hayo mengine yapo kweli. Mwanachama wetu mmoja, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa yupo hapa na ataona haya, hupiga deki katika wodi ya wazazi ya hospitali. Tulipomwuliza kama ameipata kazi aliyoiota, alisema hapana, maana aliota kuwa mwuguzi. Tulipomwuliza kama kazi yake yampendeza, hakusema ndiyo wala hapana, alisema, "Yategemea msimamizi." Msimamizi wa kwanza alikuwa akimwonyesha kila asubuhi pembe iliyobaki chafu. Wa pili humwuliza ni mfereji gani uliziba usiku, na ni kitanda gani ambacho damu hupenyeza chini ya godoro, kwa kuwa amejua kwamba mwenye kuijua wodi ile kuliko daktari ni yule apitaye chini ya kila kitanda. Ndoo ni ile ile, mshahara ni ule ule, tena ni mdogo, nasi hatutaki mtu atoke hapa akisema hautakiwi kuongezwa. Lakini mama huyu alituambia kwamba siku hizi akichelewa njiani huona wasiwasi juu ya wodi, na zamani aliona wasiwasi juu ya kukatwa mshahara tu.

Mabwana na mabibi, tukiisikia habari hiyo yatupasa tujitazame, kwa kuwa wengi wetu humu si wafagiaji tena. Tumekuwa wasimamizi, wakuu wa idara, wenye maduka. Wengi wetu tuna mtumishi wa nyumbani. Twamwita "msichana" hata akiwa na miaka arobaini, nasi ni wana wa wale walioitwa "boi" wakalia kwa uchungu. Huamka kabla yetu na kulala baada yetu. Tukiulizwa siku yake ya mapumziko ni ipi, tutajibu kwamba yeye ni kama mtu wa nyumbani. Sheria ile ya mwaka 2007 haina mlango wa nyuma kwa mtu wa nyumbani. Hatukutumwa na Halmashauri kulisema hilo, lakini limo ndani ya jambo tulilotumwa, nasi tumelisema.

Sasa turudi kwa vijana na hazina yao. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti yake juu ya ajira katika Kenya, na ripoti ile ndiyo iliyoifanya dunia itambue kazi za nje ya maofisi na viwanda vikubwa: mafundi wa kando ya barabara, wachuuzi, wasusi, watengenezaji wa viti. Ilisema kwamba watu hao hawakuwa wavivu wasio na kazi. Walifanya kazi nyingi na kupata kidogo. Sisi tumewapa jina letu la jua kali. Leo hesabu za serikali zaonyesha kwamba, tukiacha wakulima wadogo na wafugaji, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wafanyao kazi katika nchi hii wamo katika fungu hilo. Nasi bado twawaambia watoto kwamba hapo ni mahali pa walioshindwa. Haifai kuwatangazia wanane kati ya kumi kwamba wameshindwa kabla hawajaanza.

Pelekeni macho Shauri Moyo na Kamukunji, hapa Nairobi. Ule jiko la makaa lenye kiuno chembamba, ambalo ndani yake mna kikombe cha udongo wa kuchoma chenye matundu, halikuanza zamani za mababu kama wengi wadhanivyo. Lilianza mapema katika miaka ya 1980, kwa kuchanganya maarifa ya jiko la Thailand na lile la bati tulilokuwa nalo. Wataalamu walichora na kupima. Lakini mafundi wa bati ndio waliolikunja na kulifanya liwezekane kwa nyundo na patasi, bila kiwanda. Upande wa juu hupanuliwa ili kikombe kikae. Kiuno hubanwa ili kisiteleze. Chini hupanuliwa tena lisianguke sufuria ya ugali ikisongwa kwa nguvu. Kila mkunjo una sababu, na fundi aijua. Likiisha hulitazama, likauzwa, na mwaka unaofuata mama yule yule hurudi kutaka la pili. Jiko hilo limekula makaa machache kuliko lile la zamani, na mfano wake umeenea hata nchi za jirani. Haya ndiyo waliyoyataja wahasibu wa Pittsburgh: kazi iliyokamilika mikononi mwa mtu, na mwingine akaikiri kuwa ni nzuri. Kuna maofisi ambamo mtu aweza kukaa miaka kumi asikione kitu kimoja akasema, hiki nimekimaliza mimi.

Wala tusimpambe fundi kwa maneno. Kelele za nyundo huharibu masikio. Bati huchana mikono. Mvua ikinyesha hakuna soko, na akiugua hana likizo ya malipo, wala uzeeni hana pensheni asipojiwekea mwenyewe. Mwenzetu aliyesema mwezi uliopita kwamba hatamtia mwanawe katika jua kali alikuwa na haki ya kuogopa, na hofu yake ni ile ile ya mzazi wa mwaka 1920. Jawabu ya hofu hiyo, kwa maoni yetu, si kumficha mtoto asiuone ufundi. Ni kumwondolea ufundi yale yanayoufanya uogopwe: kukosa vyombo, kukosa mahali penye paa, na kukosa akiba.

Kwa hiyo pendekezo la tatu lasema hivi. Karo za sekondari na vyuo zitaendelea kulipwa na Hazina ya Masomo, wala hakuna mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa atakayeondolewa. Lakini sehemu moja katika tatu ya fedha ya kila mwaka itatengwa kwa ajili ya vyombo vya kazi na mafunzo chini ya fundi: cherehani, vyombo vya seremala, mashine ya kuchomelea vyuma, na mfano wa hayo. Kijana atakopeshwa, hatapewa bure, naye atarudisha katika miaka miwili bila riba. Atakapopokea vyombo, atajiandikisha pia katika mfuko wa akiba ya uzeeni kwa kiasi kidogo kila mwezi, na mweka hazina wetu ataangalia kwamba hakuruka. Halmashauri itatafuta mafundi wakubwa kumi wa kuwapokea wanafunzi, wanawake kwa wanaume.

Karatasi ya maombi nayo itabadilishwa. Mstari wa kwanza, ule wa "Kazi gani waitaka?" tumeona usifutwe, kwa maana asiye na ndoto hatumtafuti sisi. Chini yake tutaongeza mstari wa tatu uulizao, "Ni kazi gani ambayo ukiifanya hushtuka jua limekuchwa?" Mzee mmoja wa Halmashauri alisema kwamba swali hilo ni la kitoto. Tukamwuliza yeye mwenyewe. Alifikiri kwa muda, akasema kupanga mawe ya msingi, kazi aliyoiacha mwaka ule alipoajiriwa kuwa karani wa mahakama.

Wapingao pendekezo watasemewa na mwenzetu atakayesimama baada yetu, nasi twaomba asikilizwe kwa utulivu kama tulivyosikilizwa. Karatasi za kura ziko mezani kwa mweka hazina. Wanachama ambao ada ya mwaka huu haijalipwa wana ruhusa ya kuilipa sasa hivi, kabla ya chai, ili wapige kura pamoja na wengine.